Rupia ya Mjerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kanda ya Ziwa

Majibu haya ni kwa mtu wa Mwanza, Ukerewe, Bukoba, Musoma au popote kandokando ya ziwa aliyerithi rupia, aliyeiokota shambani, au aliyepigiwa simu na mtu anayedai ana "mali ya Mjerumani". Kila jibu linajitegemea. Jambo likishaelezwa, tutakutajia namba ya swali lake.

## Kuifahamu

1. Rupia ya Mjerumani ni sarafu gani hasa?

Ni sarafu ya madini ya fedha iliyotumika katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Zipo za awamu mbili, na ni vizuri uzitofautishe kabla ya kutaja bei.

Awamu ya kwanza ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kuanzia 1890 hadi 1902. Upande mmoja una sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili una nembo ya kampuni, yenye simba na mnazi, na jina DEUTSCH OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT.

Awamu ya pili ni ya serikali ya koloni yenyewe, 1904 hadi 1914. Kaizari yuleyule yupo, lakini upande wa thamani hauna nembo ya simba: kuna shada la majani, thamani, mwaka, na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Hapo utaona pia herufi ndogo, A au J. A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg.

Hesabu nayo ilibadilika. Zamani rupia moja ilikuwa pesa 64, kama rupia ya India. Kuanzia 1904 ikawa heller 100, na hiyo heller ndiyo iliyotuachia neno "hela" tunalolitamka kila siku.

2. Za madini ya fedha ni zipi, na zisizo za fedha ni zipi?

Za fedha ni rupia mbili, rupia moja, nusu rupia na robo rupia. Pesa za shaba za 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, si fedha. Heller moja na nusu heller ni shaba nyekundu. Heller tano kubwa ya 1908 na 1909 ni shaba pia, ingawa uzito wake huwadanganya wengi. Hela nyeupe zenye tundu katikati, za 5 na 10, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hizo zote zina wakusanyaji wake, lakini usizipeleke kwa sonara ukitarajia fedha.

3. Kwa nini zinaonekana sana huku ziwani?

Kabla ya rupia, biashara ya bara ilikwenda kwa nguo, shanga na, upande wa Bukoba, simbi. Wajerumani walipoweka vituo vyao Bukoba mwaka 1890 na Mwanza mwaka 1892, walileta sarafu pamoja na askari wa kulipwa mshahara. Kilichoisukuma rupia hadi kijijini ni kodi ya kibanda, iliyoanza 1898. Mtu asiyekuwa na rupia ilimbidi auze ng'ombe, ngozi, karanga, pamba au nguvu zake ili azipate.

Kisha reli ya Uganda ikafika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinapitisha bidhaa na sarafu kutoka Mombasa moja kwa moja hadi Mwanza na Bukoba. Ndiyo maana sanduku la babu wa huku mara nyingi lina mchanganyiko: rupia ya Kaizari, rupia ya India, na senti za fedha za upande wa Kenya na Uganda. Waingereza walipoingia Mwanza Julai 1916, watu wengi walizifukia au kuzishikilia, kwa kuwa fedha ni fedha hata utawala ukibadilika.

4. Yangu ina malkia au mfalme wa Kiingereza. Ni ya Mjerumani?

Hapana. Rupia yenye Victoria, Edward wa Saba au George wa Tano na neno INDIA ni ya India. Uzito na usafi wake ni sawasawa na ile ya Mjerumani, na hilo halikuwa la bahati: Wajerumani walifuata kipimo cha India kwa sababu wafanyabiashara wa pwani walishakizoea. Kwa wakusanyaji rupia za India ni nyingi mno, kwa hiyo miaka ya kawaida huuzwa karibu na bei ya madini.

Zipo pia rupia za Mombasa za 1888 zenye mizani, za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Hizo ni adimu zaidi na zinastahili kuangaliwa na mtu anayezijua. Senti 25 na 50 za EAST AFRICA AND UGANDA PROTECTORATES, zilizoanza 1906, zina fedha sehemu 800 kati ya 1,000.

## Fedha iliyomo

5. Rupia ina fedha kiasi gani?

Kati ya sehemu 1,000, 917 ni fedha, iliyobaki ni shaba ya kuipa ugumu. Vipimo vya sarafu mpya, isiyolika, ni hivi:

- Rupia mbili: gramu 23.33, kipenyo milimita 35, fedha safi gramu 21.39
- Rupia moja: gramu 11.66, kipenyo milimita 30 hivi, fedha safi gramu 10.69
- Nusu rupia: gramu 5.83, kipenyo milimita 24, fedha safi gramu 5.35
- Robo rupia: gramu 2.92, kipenyo milimita 19, fedha safi gramu 2.67

Kupata thamani ya madini, zidisha fedha safi kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1035, kwa hiyo igawanye kwanza kwa 31.1035, kisha ibadilishe kuwa shilingi. Kwa mfano wa hesabu tu: gramu ya fedha ikiwa shilingi 3,000, rupia moja ina madini ya shilingi 32,000 hivi. Sonara atakupa pungufu ya hapo, kwa sababu ana gharama ya kuyeyusha na kusafisha. Hiyo ndiyo sakafu ya bei. Rupia halisi isiuzwe chini sana ya hapo, hata ikiwa imelika vipi.

6. Na shilingi ya zamani yenye simba na milima?

Hiyo ni shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921 baada ya Waingereza kuiacha rupia. Hadi 1946 ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu, yaani gramu 1.94. Kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Wengi hapa Mwanza huzichanganya wakidhani zote ni sawa kwa kuwa simba ni yuleyule. Angalia mwaka.

Florini ya 1920 ni kisa kingine: ilidumu muda mfupi mno kati ya rupia na shilingi, ina gramu 11.66 na fedha nusu kwa nusu. Ukiipata, itenge.

## Bei

7. Ni kweli rupia moja inauzwa mamilioni?

Si kweli. Rupia moja ya mwaka wa kawaida, iliyotumika lakini inasomeka vizuri, huuzwa kwa wakusanyaji wa nje kwa makumi ya dola. Iliyo karibu na upya hupanda zaidi ya hapo. Rupia mbili za 1893 na 1894 ziko daraja lake, kwa kuwa zilipigwa chapa miaka hiyo miwili tu na ni chache; nzuri yake hufikia mamia ya dola na kupita.

Tunalisisitiza hili kwa sababu uvumi wa mamilioni umewafanya watu wauze mashamba kununua rupia kumi wakingoja mnunuzi wa kizungu. Huyo mnunuzi anaweza kununua rupia hiyohiyo kwenye mnada wa Ujerumani leo, kwa bei iliyo wazi kwa kila mtu. Hana sababu ya kukulipa mara elfu.

8. Nimeambiwa ina zebaki nyekundu, au inavuta punje za mchele. Nifanye jaribio gani?

Usifanye jaribio lolote la aina hiyo. Rupia ni fedha na shaba, basi. Haina zebaki ndani, haizimi tochi, haivuti mchele. Fedha haivutwi hata na sumaku. Sarafu ikivuta kitu, ujue imepakwa au kuchezewa. Anayetaka rupia "yenye nguvu" anatengeneza njia ya kukwambia baadaye kuwa yako haijafaulu, au ya kukutoza gharama za kipimo (swali la 16).

9. Mwaka upi ni adimu?

Kwa rupia moja za kampuni, 1892 huonekana mara nyingi kuliko 1894, ambayo ni ngumu kuipata. Kwa za serikali, mwaka peke yake hautoshi: mwaka mmoja unaweza kuwa na A na J, na moja ikawa ya kawaida, nyingine haba. Kwa hiyo unapoandikia mnunuzi, taja vitu vitatu pamoja: thamani, mwaka, herufi. "Rupia 1, 1911, J" inatosha kwa mtu anayejua. "Rupia ya zamani sana" haimwambii lolote.

10. Hali ya sarafu inaangaliwaje?

Anza na sehemu zilizoinuka, maana ndizo zinazolika kwanza: tai juu ya kofia, masharubu, na bega la Kaizari. Tai akiwa na manyoya yanayohesabika, sarafu ni nzuri. Akiwa amebaki donge lenye umbo la ndege, ni ya kawaida. Kofia na nywele zikiwa zimeungana kuwa kitu kimoja laini, bei inashuka kuelekea ile ya madini.

Baada ya hapo geuza sarafu taratibu chini ya taa moja. Sarafu ambayo haikutumika ina mng'ao unaozunguka kama mwale juu ya maji unapoigeuza. Iliyosuguliwa inang'aa pote kwa pamoja, bila mwale kutembea, na kwa kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo mingi ya upande mmoja. Watu wengi hudhani hiyo ya pili ndiyo bora. Mnunuzi mzoefu huitambua papo hapo na kuikata bei.

11. Ina tundu, au kuna alama ya kikuku iliyong'olewa. Bado ina thamani?

Ina thamani ya madini na kidogo juu yake. Rupia nyingi zilivaliwa shingoni, na huo ni ushahidi mzuri wa maisha yake, ila wakusanyaji wengi hawaitaki. Usizibe tundu. Risasi iliyotiwa kuziba huonekana, na humfanya mnunuzi aitilie shaka sarafu nzima. Isipokuwa rupia mbili: hata ikiwa na tundu, muulize mjuzi kabla ya kuipeleka kwa sonara.

## Halisi au feki

12. Nitaijuaje feki nikiwa nyumbani?

Huku kwetu tuna bahati moja. Kwa sababu ya dhahabu ya Geita na machimbo madogo yaliyotuzunguka, mizani inayosoma gramu 0.01 ipo karibu kila mji. Omba kwa mnunuzi wa dhahabu unayemwamini, ufuate mpangilio huu.

Kwanza, uzito. Rupia moja iliyotumika husoma kati ya gramu 11.3 na 11.66. Ikishuka chini ya 11.2 bila kulika sana, ina walakini. Feki nyingi ni nyepesi, nyingine husoma 9 au 10.

Pili, sumaku. Ikinasa, umemaliza kazi: ni chuma kilichopakwa.

Tatu, ukingo. Zungusha sarafu ukitazama pembeni. Mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo ni alama ya kalibu ya kumiminia; sarafu halisi zilipigwa chapa, hazikumiminwa. Vishimo vidogo kama vya ngozi ya chungwa juu ya uso ni alama ileile.

Nne, maji. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji nusu juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga rupia kwa uzi mwembamba wa kushonea, izamishe yote ikiwa imening'inia, isiguse chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni ujazo wake. Gawanya uzito wa kawaida kwa namba hiyo. Rupia halisi hutoa 10.3 hivi: gramu 11.66 husoma 1.13 majini. Shaba nyeupe au shaba ya njano hutoa 8.5 hadi 8.9, yaani kusoma 1.31 au zaidi.

13. Kipimo cha maji kimenipa jibu la ajabu. Nimekosea wapi?

Mara nyingi ni moja ya mambo matatu. Mapovu yakishika kwenye sarafu, ujazo unaongezeka na halisi huonekana feki. Itikise kidogo ndani ya maji kabla ya kusoma. Sarafu ikigusa chini, mizani inabeba uzito wake wote na namba inaruka. Na feni ikiwa imewashwa, namba haitulii.

Kwa robo rupia kosa dogo tu hupotosha jibu, hivyo rudia mara tano uchukue namba ya katikati. Kwa shilingi ya simba usikitegemee kipimo hiki kabisa: ya fedha robo hutoa 9.3 na isiyo na fedha 8.9, tofauti ndogo mno. Huko mwaka ndio unaosema. Fahamu pia kwamba feki iliyotiwa risasi inaweza kufika 10.3. Hiyo itazame kwa ulaini wa herufi na mlio mzito usioendelea unapoigonga taratibu kwa kucha.

14. Sonara anataka kuisugua kwenye jiwe na kutia tindikali. Nimruhusu?

Usimruhusu, hasa kwa rupia nzuri. Alama ya jiwe haitoki na hushusha bei kuliko kipimo chenyewe kinavyokufaa. Zaidi, jiwe hupima ngozi ya juu tu. Iliyopakwa fedha nene itafaulu. Mwombe mizani na maji badala yake.

## Kuitunza na kuiuza

15. Imekuwa nyeusi. Niisafishe kwa ndimu, majivu au dawa ya meno?

Hapana, na hili ndilo kosa linalopoteza thamani nyingi kuliko yote. Weusi ni ngozi nyembamba inayotokana na salfa ya hewani: moshi wa kuni, mpira, sufu. Hauili sarafu. Majivu na dawa ya meno zina chembe zinazokwaruza. Ndimu hula shaba na kuacha madoa mekundu. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi siku moja, ibadilishie maji, kisha igandamize kwa kitambaa laini bila kusugua. Utando wa kijani unaonata hutoka kwa asetoni safi ya duka la kemikali. Dawa ya kutolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta, haifai. Fanya nje, mbali na jiko.

Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi kavu, kila moja peke yake, ndani ya kopo linalofunga. Mifuko laini ya nailoni ndiyo inayoleta ule utando wa kijani, na raba ya kufungia noti huacha mstari mweusi usiotoka.

16. Mnunuzi anataka nitangulize hela ya kipimo, cheti au dawa. Ni kawaida?

Si kawaida, ni utapeli. Mnunuzi wa kweli huomba picha mbili za wazi za pande zote, zilizopigwa kwa mwanga wa mchana bila kioo, na picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Kisha anataja bei au anakataa. Usikutane naye nyumba ya wageni ukiwa peke yako na mzigo. Kutaneni dukani kwa sonara, na sarafu isitoke machoni pako hata dakika moja: kubadilishiwa halisi kwa feki ni wepesi wa mkono tu.

17. Naweza kuipeleka nje ya nchi?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huviangalia hasa vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na rupia zinaanza 1890. Hata hivyo, mzigo mkubwa, au sarafu zilizofukuliwa pamoja na vitu vingine, uulizie Idara ya Mambo ya Kale kwanza na upate jibu la maandishi. Forodha hawatakuamini kwa maneno.

18. Tumeambiwa kuna sanduku la Mjerumani chini ya boma au jiwe fulani. Tuchimbe?

Msichimbe. Majengo ya zamani na maeneo ya historia yanalindwa, na mashimo yanayochimbwa usiku bila nguzo huporomoka juu ya watu. Akiba za rupia zinazopatikana kweli huwa ndogo, chungu au kibuyu kimoja, na hutokea wakati wa kulima au kubomoa nyumba ya familia. Ikitokea hivyo, piga picha kabla ya kuzigusa na msizitenganishe: akiba kamili pamoja na chungu chake ina maana kubwa zaidi kihistoria, na mara nyingi kwa bei pia.

19. Benki Kuu itanibadilishia?

Hapana. Serikali iliyotoa rupia hizo haipo, na Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi 1966 kwa shilingi yake yenyewe.

20. Nina ya njano yenye tembo na herufi T. Ni rupia pia?

Inaweza kuwa rupia 15 za Tabora, na hapo usiguse chochote. Mwaka 1916, koloni likiwa limefungiwa na manowari za Waingereza, Wajerumani walipiga sarafu za dharura kwenye karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina uzito wa gramu 7.17 hivi, dhahabu sehemu 750 kati ya 1,000, na huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa sababu hiyohiyo feki zake ni nyingi. Fanya kipimo cha maji cha swali la 12: shaba ya njano hutoa 8.5 hivi, na dhahabu ya kiwango hicho haiwezi kushuka chini ya 14.

Lakini usiichanganye na heller 5 na 20 za Tabora za mwaka huohuo, ambazo nazo zina T na rangi ya njano au nyekundu. Hizo hazina dhahabu wala fedha. Ya tembo ina maneno 15 RUPIEN, na nyuma ya tembo kuna mlima.